Kurasa za Marehemu Shemeji

Ofisini walimwita Bibi Kurasa, ingawa hakuwa na mjukuu wala umri wa kuwa naye. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja, mpaka vumbi la chaki likamla koo na daktari akamwambia achague: sauti au darasa. Aliyemwokota ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

"Njoo kwetu," alimwambia. "Mafundi wangu wanajua kutengeneza programu, lakini hata kumwelekeza mtu chooni hawawezi. Wewe utawaandikia maelekezo."

Basi akawa mwandishi wa maelekezo, ghorofa ya tatu, kwenye ofisi yenye madirisha magumu kufungua na birika la umeme lililokuwa likivuja. Shemeji alikuwa ametengeneza programu waliyoibatiza Mtahini. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kutunga majaribio. Mafundi wakimaliza kutengeneza mfumo wa mteja, Mtahini husoma kurasa za maelekezo, huchukua mifano iliyomo, na kila Jumanne asubuhi huutahini mfumo huo kuona kama una kasoro. Kurasa za kwanza, mia mbili na ushee, aliziandika shemeji mwenyewe, kwa mzaha wake uleule. "Ukifika hapa na bado hujaelewa," aliandika kwenye ukurasa mmoja, "kosa ni langu. Nenda kanywe maji."

Presha ilimwondoa akiwa mezani kwake, saa sita mchana. Miaka mitatu ikapita. Mtahini akabadilishwa kiungo baada ya kiungo, lakini kurasa zile hakuna aliyezigusa. Mafundi walizipita kama watu wanavyolipita kaburi la njiani, kwa adabu na kwa haraka.

Ndipo siku moja mkuu wa kitengo akamwita Bibi Kurasa.

"Zile kurasa za zamani zinatupotosha. Juzi fundi mgeni kafuata maelekezo ya mle, kazi ya siku mbili imeharibika. Zifute." Akainamisha macho. "Najua ni za nani. Sitaki zifutwe na mtu asiyemjua."

Alianza Jumatatu. Hakufuta kwa mkupuo. Alisoma kila ukurasa kwanza, kama mtu anayekunja nguo za marehemu huku akikagua mifuko. Mara alijikuta akicheka peke yake. Mara aligeuka kutazama nyuma, maana sentensi ilikuwa imemjia masikioni na sauti yake yote, pamoja na kile kikohozi kidogo kilichotangulia kila utani.

Alhamisi alifika kwenye ukurasa wa majaribio ya mfumo wa zahanati, ule unaowatumia wagonjwa meseji za kuwakumbusha miadi. Kwenye mfano palikuwa na namba ya simu. Alizijua tarakimu zile. Chini yake shemeji alikuwa ameandika: "Nimeweka namba yangu ili usumbufu uwe wangu. Msihofu, meseji hizi hazitoki nje ya kompyuta."

Bibi Kurasa aliinuka akamfuata fundi mkuu.

"Meseji za majaribio zinatoka nje?"

"Siku hizi zinatoka. Tulibadilisha miezi minne iliyopita. Lakini tumetenga namba maalumu ambazo si za mtu."

"Na Mtahini akisoma ukurasa wa zamani?"

Fundi aliacha kutafuna kalamu. Akafungua kumbukumbu za mfumo, wakasoma pamoja. Kila Jumanne, saa nne kasoro robo, wiki kumi na saba mfululizo, kwenda namba ileile: *Tunakukumbusha. Unasubiriwa. Tafadhali usichelewe.*

Bibi Kurasa aliisoma tena namba ile, tarakimu kwa tarakimu. Simu ya shemeji haikuwa imezimwa hata siku moja. Dada yake aliichaji kila usiku na kuitia salio kidogo, eti picha na namba visipotee.

Hakungoja jioni. Aliomba ruhusa akaondoka. Alimkuta dada yake sebuleni, amekonda, uso umetulia kupita kiasi. Kabati lilikuwa wazi, na nguo zimekunjwa kwenye mifuko, kila mfuko na jina la ndugu.

"Karibu, mdogo wangu. Afadhali umekuja. Chagua gauni unalotaka."

"Unasafiri, dada?"

"Naitwa." Akaleta simu ya mumewe, ameishika kwa mikono miwili. "Kila Jumanne. Mwanzoni nililia. Sasa nimezoea. Unamjua shemeji yako, hapendi watu wa kuchelewa."

Juu ya rafu palikuwa na pakiti za dawa za presha ambazo dada alitakiwa kumeza kila siku. Hazikuwa zimefunguliwa.

"Na hizi?"

"Za nini tena?"

Bibi Kurasa alimweleza yote, polepole, kama alivyokuwa akieleza darasani: Mtahini, ukurasa, namba. Hakutia sukari. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mashine."

"Ni mashine, dada."

"Na mashine kaitengeneza nani?"

Bibi Kurasa alizishusha zile pakiti za dawa akaziweka mezani.

"Na namba kaiandika nani? Basi unaniambia nini nisichokijua?"

"Nakuambia hakukuita. Aliweka namba yake ili mtu mwingine asisumbuliwe. Angejua umeacha dawa kwa sababu ya mfano wake, angekufa mara ya pili."

Dada aligeukia ukutani.

"Futa," alisema. "Ila ujue, siku ile tulipomzika kulikuwa na watu wa kunishika mkono."

"Nitakushika mimi."

Hakuondoka mpaka alipomwona amemeza kidonge.

Kesho yake aliufungua ukurasa ule. Kompyuta ikamuuliza: *Una uhakika?* Swali hilo alikuwa amewaandikia mafundi mara nyingi, wala hakuwahi kuona lilivyo katili. Akabonyeza. Ukurasa ukaondoka bila hata mlio. Kisha akakaa na fundi mkuu wakaifuta namba popote Mtahini alipokuwa ameihifadhi.

Jumanne alikuwa kwa dada yake mapema. Waliiweka simu mezani wakaitazama, mkono ndani ya mkono. Saa nne kasoro robo ikafika, ikapita. Saa nne. Saa nne na nusu.

"Leo kachelewa yeye," dada alisema, akacheka, na kicheko kikageuka kilio ambacho Bibi Kurasa hakuwa amekisikia hata siku ya mazishi.

Nguo zilirudi kabatini, moja moja. Dawa zikaanza kupungua kwenye pakiti. Bibi Kurasa akamaliza kurasa zilizobaki, na ofisini mafundi wakaacha kupotea.

Miezi miwili baadaye, Jumatano, dada alimpigia. "Jana imekuja."

Alikwenda kwa fundi mkuu, wakapekua kumbukumbu mstari kwa mstari. Hapakuwa na meseji iliyotumwa. Akaenda kwa dada, akaichukua simu. Hapakuwa na kitu.

"Iko wapi?"

"Nimeifuta. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Dada. Ilisema nini?"

Dada alikuwa akivaa viatu, maana siku hiyo alikuwa na miadi ya kupimwa presha.

"Ilisema nisiwe na haraka."

Bibi Kurasa aliutafuta mzaha kwenye uso ule, hakuuona. Akairudisha simu kwenye chaji, akamshika dada yake mkono, wakatoka.