Kidole cha Fundi
Yule fundi wa spika huongea na vyombo kama mtu anayekamua ng'ombe mkali. "Tulia, mama, tulia," anaiambia waya. Ana kucha moja ndefu ya kidole gumba, ndiyo bisibisi yake, na kila akishika kitu hukipuliza kwanza, hata kama hakina vumbi. Alikuja kwangu wakati ile spika ya kuongea, aliyoniletea marehemu binti yangu Kendi, ilipokwama baada ya stima kupotea. Ndani yake Kendi alikuwa ameacha sauti yake, ya kunikumbusha dawa ya presha kila asubuhi.

Fundi aliipuliza, akaigeuza, kisha akanipa simu yake yenye maandishi. "Soma hapa kwanza, Mama Kendi, ndio nifinye." Wifi yangu alikuwa ameketi hapo, ananitazama. Niliishika simu mbali na macho, vile walimu hufanya, wifi asijue kwamba sijui kusoma. "Nimesoma. Finya." Akafinya kitufe cha chini, midomo ikihesabu. Taa ya spika ikazimika, ikawaka, na sauti ya mwanamke mgeni ikatusalimia kutoka ndani yake kwa Kizungu. Nikasema, "Sasa Kendi aongee." Fundi aliangalia simu, akaniangalia mimi, akavua kofia. Pale kwenye simu ilikuwa imeandikwa kwamba akifinya, kila kitu kitafutika. "Ni kidole changu kimeteleza," akamwambia wifi yangu, kwa ile sauti yake ya kutuliza ng'ombe. "Makosa ni yangu." Hadi leo, majirani hapa kwenye mtaa wetu tunaouita Dallas wakiniuliza sauti ya Kendi ilienda wapi, nawaambia ni yule fundi aliiharibu. Na yeye akipita kwa mlango wangu, bado hunisalimia.