Kikapu cha Begani

Mama alianguka na mzigo wa kuni kichwani, kwenye utelezi wa bondeni, akaumia shingo. Dresa wa zahanati ya misheni akamkagua, akamwambia asibebe tena kitu kichwani maisha yake yote. Zama za Mwingereza hizo, na sisi tulikaa Lyamkena, karibu kabisa na gulio la Makambako, ambako mama aliuza njegere na mayai na hakushindwa na mtu kwa bei. Sasa aende gulioni mikono mitupu, mzigo wake kabebewa na binti, watu wamwonee huruma? Alisema afadhali akae nyumbani. Akakaa kweli. Akawa mpole, anaitikia kila kitu. Upole ule uliniudhi kuliko ukali wake wote.

Kazi yangu ilikuwa kusuka vikapu vya milulu, yale majani magumu ya mabondeni, na nilikuwa na sifa zangu, sioni haya kusema. Nikamwendea fundi viatu wa Makambako, kijana wa Makete mwenye maneno mengi. Nikamwambia mimi nasuka kikapu, yeye atie mkanda, mama abebe begani.

"Kazi ndogo hiyo," akasema. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Ngozi niliifuata mwenyewe Njombe, juu ya lori, baridi inanikata masikio, maana ngozi ya huko, iliyolowekwa kwenye magome ya miti ya miwati, haikuwa na mfano. Fundi akakitia kikapu changu mkanda, na kifuniko cha ngozi chenye bizimu ya kufungia. Mama akakitazama kile kikapu.

"Mnataka niwe tarishi wa Boma?" akauliza kwa upole wake ule, akakirudisha. Kweli, kilikosa kofia tu.

Nikamwambia fundi anashona viatu vya begani. Naye akaniambia mistari myekundu niliyoisuka kikapuni inamuumiza macho. Tukakubaliana kifuniko kitoke, mistari ibaki. Cha pili kilipendeza mno. Nikakijaza njegere, nikakijaribu pale pale barazani kwake, na sikufika mbali: ukingo uliposhonewa mkanda ukachanika, njegere zote chini, kuku wa jirani wakafanya karamu. Fundi akalaumu ususi wangu, mimi nikalaumu sindano yake. Tukanuniana siku kadhaa.

Mwishowe alikuja nyumbani na cha tatu, ameshona ukingo kwa uzi mnene.

"Kamwene, mama," akasalimu, kisha tukaanza kubishana upya mbele yake, ukingo hivi, ukingo vile. Mama alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini, akachukua kanga, akaipitisha chini ya kikapu, akakipandisha begani.

"Nyie, mtoto hashikwi mabega akaachwa ananing'inia," akasema. "Anabebwa kuanzia matakoni."

Tukatazamana na fundi. Kikapu kimezoea kubebwa kwa chini, tangu enzi za mabibi. Sisi muda wote tulikuwa tunakinyonga.

Basi mkanda ukapitishwa chini, ukazunguka kitako na kupanda pande zote mbili. Na mama sasa akawa bosi. Mkanda mwembamba huu, panua. Unagonga nyonga, fupisha, kikae kwapani. Nani kakufundisha kushona, mwanangu? Fundi alitoka jasho na baridi yote ile, nami nilifurahi hadi nikaona aibu.

Siku ya gulio mama alitangulia, begani njegere na mayai juu yake, mimi nyuma. Alipofika kwa wenzake, mama mmoja muuza maharage akamtazama juu mpaka chini.

"Pole na shingo, mwenzetu. Ndiyo maana unabeba hivyo?"

Ni huruma hiyo hiyo iliyomfungia nyumbani miezi yote ile. Nilijua akigeuka sasa, harudi tena.

Mama akakaa, akaanza kupanga mayai yake.

"Shingo gani? Huu ndio ubebaji wa siku hizi. Nimeubuni mwenyewe, na mafundi wangu wawili. Ukikitaka kama hiki sema mapema, wanaotaka ni wengi."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekitaka. Nililia mbele za watu na sikujali. Na kabla gulio halijavunjika, wanawake watatu wenye shingo nzima kabisa walikuwa wamesimama barazani kwa fundi, wananingoja mimi.