Mche Ungali Kwenye Kiriba

Polikarpo Ndunguru wa Kitura aliongea na miche ya kahawa zaidi kuliko alivyoongea na watu. Alipomaliza darasa la saba alirithi kitalu cha baba yake, na tangu hapo kazi yake ikawa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, kupanda mbegu na kungoja.

Katika jumuiya yao ya kanisa, kila Jumamosi kaya moja husimama kutoa shukrani. Zamu yake ilipofika, alisimama. Binti yake Marselina, anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam, alikuwa amemweleza kazi yake kwa simu, taratibu. Wanatengeneza nyuzi ndogo mno za polima, jamii ya plastiki lakini ya kuyeyuka mwilini, na kuzipachika vipande vinavyofanana na alama ya saratani. Nyuzi zivibebe vipande hivyo hadi kwa askari wa mwili, yaani chembe za kinga, nao wajifunze kumtambua adui. Hadi sasa wanajaribu kwa panya, na si panya wote wanaopona.

Hayo yote Polikarpo aliyajua. Lakini macho ya watu yalipomwelekea, alisema, "Namshukuru Mungu, mwanangu ametengeneza chanjo ya saratani," akakaa.

Vigelegele vikapigwa.

Siku tatu baadaye Gertruda, jirani yake mjane, alimfuata kitaluni.

"Baba Marselina, ule uvimbe wa kwenye titi niliomwonyesha mkeo, nilikuwa niende nao hospitali Jumatatu ijayo. Nimeghairi. Kisu cha nini, na chanjo ya mtoto wetu inakuja?"

Ndoo ya kumwagilia ilimlemea mkononi. Akinyamaza, Gertruda atangoja, na uvimbe hautangoja. Akainama, akanyanyua mche mmoja na kiriba chake.

"Mama William, hiki nini?"

"Mbuni. Unanipima akili?"

"Basi nichumie hapo debe moja."

Gertruda akacheka. "We baba! Haujatoka hata kwenye kiriba!"

"Na chanjo ya Marselina ni hivyohivyo. Wako kwenye panya bado. Itachukua miaka, na huenda isizae kabisa. Pale jumuiyani nilisema nusu, niliogopa watu. Nisamehe. Jumatatu nenda hospitali."

Gertruda akajishika kiuno.

"Kumbe maneno unayo! Siku ile uliyaficha wapi? Jumamosi uyarudie mbele ya wote, maana sikusikia peke yangu."

Aliyarudia, ameukumbatia mche uleule kwa sababu mikono ilihitaji pa kushika. Hakuna aliyemcheka. Jumatatu Gertruda alikwenda, mke wa Polikarpo akimsindikiza. Ilikuwa saratani kweli, lakini changa. Ikakatwa, akaanzishiwa dawa.

Miezi ikapita, zamu ya kaya ya Gertruda ikafika. Alisimama, amekonda, kilemba kichwani. Alimshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, kisha akasema, "Na huyu bwana asiyejua kuongea, siku moja alijua."

Polikarpo alitazama vidole vya miguu yake, akitabasamu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alikichana kile kiriba polepole, akaupanda mche nyuma ya nyumba ya Gertruda. Halafu, mikono ingali na udongo, akampigia Marselina kumshukuru, na kumwuliza panya wanaendeleaje.