Mbeleko ya Mama

Juzi kwenye ndege mtoto mmoja alilia safari nzima. Abiria walinuna; mimi nilitabasamu, nikakumbuka uwanja wa Kibondo, harufu ya nyasi mbichi na mafuta ya ndege.

Nilikuwa yaya kwa mke wa daktari, nikimlea mwanawe Baraka. Aliniahidi kwamba tungepanda ndege wote. Tulipofika mlangoni, akamtoa Baraka mgongoni mwangu.

"Wewe rudi kwenu Busunzu. Niachie mbeleko, halali bila hiyo."

"Mbeleko ni ya mama yangu. Tukipanda, Mama Baraka, tunapanda wote, mimi na mbeleko."

"Una mdomo wewe."

Ndege iliondoka bila mimi wala mbeleko, Baraka akilia kuishinda injini. Nilikaa kwenye nyasi nikingoja, nikiamini kilio kile kitawarudisha. Hawakurudi, ila nilikuja kusikia kwamba yule mama hakufumba jicho mpaka Dar es Salaam. Mbeleko bado ninayo, na haiazimwi.