Kadi ya Nyongeza

Jumla yake ilikuwa matenga kumi na manne ya nyanya na mwaka mmoja wa shule wa mtoto wa mtu. Kadi yenyewe niliipata bure.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa ghala la mazao Arua. Ukutani tulikuwa na kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, imefungwa ndani ya sanduku la chuma. Kazi yake moja tu: kuchukua ujumbe wa ofisini na kuupitisha kwenye redio mpaka tawi letu la Koboko. Ndani mlikuwa na nafasi tatu za kadi za mtandao. Ya kwanza ilishika waya wa ofisi, ya tatu waya wa redio, ya katikati tupu.

Radi ikaiunguza kadi ya redio. Nikaenda kwa muuza vyuma vya mtumba sokoni, tukavutana bei mpaka chai yake ikapoa.

"Mzee, umenimaliza," muuzaji akalalamika.

"Bado. Nyongeza iko wapi?"

"Nyongeza kwa kompyuta? Hii si maharagwe!"

"Mutu nanunua, mutu napata nyongeza."

Akacheka, akanitupia kadi ya pili, pacha wa ile niliyonunua.

Niliyonunua niliiweka mahali pa iliyoungua. Ile ya bure sikuweza kuiacha ilale kabatini. Niliichomeka katika ile nafasi tupu, bila waya, ikae tu, siku moja itafaa.

Sasa, sanduku lile halikujua waya unakwenda wapi. Kila lilipowashwa lilipita nafasi kwa zamu: kadi ya kwanza kuonekana likaiita eth0, inayofuata eth1, basi. Maagizo niliyoliandikia yalisema ujumbe utoke kwa eth1, na mpaka siku ile eth1 ilikuwa redio. Nilipoliwasha, jina hilo likachukuliwa na nyongeza. Redio ikasukumwa ikawa eth2, ambayo hakuna agizo lililoitaja. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Kadi nilizihesabu, zikawa tatu, nikaridhika. Sikujiuliza sanduku linazihesabuje.

Mwenzangu ofisini alisema, "Ita Koboko kwanza, wakuambie kama wanapata."

"Taa za sanduku zinawaka, ndugu yangu. Unataka nini tena, ngoma?"

Nilikuwa na haraka ya kumsimulia nilivyomkamua muuzaji.

Jumatatu iliyofuata ekseli ya lori letu la kubebea nyanya ikakatika. Nikaandika Koboko: waambieni wakulima wa Dranya wasichume, lori ni Ijumaa, si kesho. Kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi ujumbe uliondoka vizuri, maana hadi kwenye sanduku ulifika. Kutoka hapo ukaelekezwa kwenye kadi isiyo na waya.

Kati ya wakulima hao alikuwa shemeji yangu, mjane wa kaka yangu aliyekuwa askari. Alichuma siku hiyohiyo, akapanga matenga yake kumi na manne kando ya barabara, akayalinda. Nilipofika na lori Ijumaa, nzi walikuwa wamenitangulia.

"Shemeji, kwa nini hakuna mutu nalisema lori hapana kuja?"

"Redio iko mbovu," nikamjibu. Redio ilikuwa nzima kabisa.

Akayatazama matenga. "Hii ilikuwa karo ya mtoto."

Kesho yake nikafungua sanduku, nikagundua eth1 imeshikwa na nyongeza, nikaichomoa ile kadi na kuliwasha tena. Ujumbe wote uliorundikana ukaenda kwa mkupuo, pamoja na ule wa kusema wasichume. Binti wa shemeji alikaa nyumbani mwaka mzima, akipalilia.

Baadaye, shule ilipokuwa imeshampita, nilimweleza mama yake ukweli, nikamlipa nyanya, tenga kwa tenga, bila kuvutana. Akazihesabu pesa, akazifunga kwenye kitambaa.

"Nyanya nimepata. Mwaka ya mtoto, shemeji, wewe nalipa na nini?"

Nikasema nitafikiri. Bado nafikiri. Binti sasa ana watoto wake. Akiniona hunisalimu kwa adabu zote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimezoea vitu vyenye bei. Hebu wewe unayesoma nishauri: mwaka wa mtu unalipwa kwa kitu gani? Na nikimpelekea, niweke na nyongeza, au nitakuwa namtukana?