Mtaa Aliomchagulia Binti Yake

Katika mji ule mkubwa, mgeni aliyetaka chumba kizuri aliambiwa amtafute Hodi. Alikuwa dalali wa vyumba vya wageni, mwanamume aliyefiwa na mkewe na kuanza kuota mvi, na jina hilo alibandikwa na madalali wenzake kwa sababu hakukodisha chumba bila kugonga kuta zote nne, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia. Alinusa makabati kutafuta ukungu. Bomba alilifungua alfajiri, wakati mtaa mzima unaoga, maana saa nane mchana hata bomba bovu hujifanya la kitajiri.

Wenzake walimcheka, lakini wateja walimng'ang'ania yeye. Kabla ya kutaja mtaa wowote alikuwa na swali moja: "Umekuja kumwona nani?" Aliyekuja kumuuguza mtu alitafutiwa chumba mtaa wa hospitali, hata kama ving'ora vinapita dirishani. Bwana mmoja aliyekuja kumwomba mkewe msamaha alipewa chumba kinachotazamana na nyumba ya wakwe, akalalamika kwamba pana mbu. Hodi akamwambia, "Mbu utawazoea. Umbali hutauzoea." Haikupita wiki yule bwana akavuka barabara na begi lake, akapokelewa. Kisa hicho Hodi alikipenda sana, na alikisimulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Lakini mganga hajigangi.

Binti yake wa pekee aliondoka baada ya kumzika mama yake, akaenda nchi ya mbali kushona nguo kiwandani. Miaka ikapita, baba na binti wakizungumza kwa simu habari za afya na hali ya hewa, kisha wanakata. Siku aliyopiga kusema anakuja kutembea, Hodi alikaa kitako akalia kwa furaha. Alikuwa na haja moja tu duniani, binti yake arudi kukaa. Akaapa kwamba mji utampendeza mpaka ashindwe kuondoka.

Ndipo akaitazama nyumba yake kwa macho ya kazi. Vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mashine ya kukatia inapiga kelele tangu asubuhi, na mtaro wa mbele ya mlango una harufu isiyohitaji pua ya dalali. Chumba cha mbele kitupu, cha nyuma kina kitanda alicholalia na marehemu mkewe. Nyumba ile ingekuwa ya mtu mwingine, asingemlaza mgeni hapo hata bure. Akaona haya. Akamtafutia binti chumba katika mtaa wa mlimani, wenye miti, kimya na maji ya uhakika.

"Kwa nini tusiende nyumbani, baba?" binti aliuliza walipokuwa wanashusha mizigo.

"Nyumbani kuna mafundi wanapaka rangi, mwanangu. Harufu itakuumiza kifua."

Hapakuwa na fundi wala kopo la rangi. Lakini uongo ukishatoka mdomoni unataka kutunzwa, na Hodi aliutunza vizuri. Kila asubuhi alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa mapokezi mikono magotini, akisubiri binti aitwe. Walikunywa chai kwenye meza ya hoteli. Aliuliza kama maji ya moto yanatoka, kama mito ni laini. Kila alipouliza, binti alijibu kwa heshima, kisha akatazama kikombe.

"Silali, baba," alisema siku moja.

"Ni mabomba ya ukutani hayo. Niachie mimi."

Kesho yake akamhamishia mtaa mwingine, ulio kimya zaidi na ulio mbali zaidi na kwake. Aligonga kuta, akaridhika. "Hapa hata panya akipita anavua viatu," alisema. Binti alicheka kidogo, kisha akageukia dirisha.

Wiki ilipokwisha, Hodi alifika akaambiwa binti ametoka tangu mapema. Alimsubiri mpaka jioni. Binti alirudi macho yamevimba, akasema safari ya kurudi ameiwahisha, anaondoka kesho. Hakueleza zaidi, na baba hakuthubutu kuuliza.

Stendi, mizigo ikiwa imeshapakiwa, binti alimgeukia.

"Rangi itakauka lini, baba?"

"Bado kidogo tu."

"Mama alikuwa akisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimemaliza wiki nzima, hata ufagio hukunipa."

Hodi alitaka kusema, niliona haya, mwanangu, si wewe, ni nyumba. Lakini mdomo wake, uliofundishwa na miaka ya kuaga wateja, ukatoa ulichozoea: "Safari njema. Karibu tena mjini kwetu."

"Asante," binti alisema, akapanda gari.

Alipofika nyumbani, mke wa fundi wa karakana alikuwa anafagia uani. Huyu ndiye aliyekuwa akiachiwa ufunguo.

"Binti yako mlionana jana?" aliuliza. "Alikuja hapa asubuhi, nikamfungulia. Alivyofurahi! Akasimama chumba cha mbele anapima kwa mikono, akaniuliza kama cherehani itaenea chini ya dirisha. Nikajua mmeshaongea, anarudi."

Hodi alishika nguzo ya mlango. "Halafu?"

"Halafu akapanda kitanda cha mama yake, akalala. Mume wangu anakata mageti, mimi mwenyewe masikio yanauma, yeye kalala mpaka saa kumi. Mtoto anajua kelele za kwao. Alipoamka akaniuliza mafundi wa rangi wako wapi. Nikamwambia, rangi gani, mwanangu? Nyumba hii haijaguswa tangu mama yako afe." Mwanamke akaacha kufagia. "Akaondoka analia. Kwani nilikosea?"

"Hukukosea," Hodi alisema.

Akaingia ndani. Shuka la kitandani lilikuwa limejikunja pale binti alipolala, na hakulinyoosha. Wageni wangapi amewauliza wamekuja kumwona nani, na yule mmoja tu ambaye jibu lake lingekuwa yeye, Hodi, hakumuuliza.

Baadaye akarudi chumba cha mbele. Nje, mashine ya kukatia ilianza tena. Akasimama chini ya dirisha, akatanua mikono, akapima. Cherehani ingeenea, na nafasi ya kiti ingebaki.