Jina la Baba Mkwe wa Capitoline

Ukipita ghorofa ya tatu ya jengo letu hapa Berea, kusini kabisa mwa Afrika, Jumapili baada ya ibada, utasikia cherehani na historia kwa pamoja. Huyo ni jirani yangu Capitoline, Mrundi, fundi wa nguo. Hutafuta mtandaoni picha za kwao za enzi za Wabelgiji, kisha huzituma kwenye kundi la WhatsApp na kuzieleza kwa sauti: hawa walilazimishwa kulima kahawa, huyu kachapwa viboko kwa ajili ya kodi. Mimi Mkenya nilijiunga kwa umbea tu, nikanogewa.

Mwezi wa tano alikuta picha kwenye tovuti ya jumba moja la makumbusho la Ulaya. Kijana kabeba sanduku la Mzungu kichwani, chini imeandikwa: "Mpagazi, Urundi, 1951. Jina halijulikani." Capitoline alipiga kelele hadi nikatoka na mwiko mkononi. Alikuwa baba wa Salvator, marehemu mumewe! Kovu lile la kwenye nyusi alilijua: alimpakulia mzee chakula miaka tisa.

Tukawaandikia wenye tovuti. Wakajibu: mtu wa familia alitaje jina kwa sauti, arekodiwe, nao wataliweka, ila kabla ya Ijumaa, maana picha inaingia kwenye maonyesho.

"Haya, taja," nikamwambia, simu tayari.

"Siwezi, Mama Wayne. Kwetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina."

"Basi andika."

"Mkono nao ni mdomo."

Nilikasirika, nakiri. Mzee kakaa miaka sabini bila jina, na anayelijua kafunga mdomo! Nikamwambia dunia imebadilika. "Mwacha mila ni mtumwa," akanijibu, akaendelea kushona ukosi wa gauni langu. Hadi Alhamisi alikuwa ametuma sauti nne: baba wa Salvator, babu wa Sonia, mzee wetu wa Gitega... Wakajibu kwa upole kwamba wanahitaji jina.

Jioni ile binti yake Sonia alirudi kutoka kazini Fordsburg. Kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa, Kirundi anakikwepa, na hakuna aliyemfikiria. Capitoline akamtazama, kisha akatoa karatasi za ukimbizi za Salvator na kuweka kidole kwenye mstari wa jina la baba.

"Wewe ni mjukuu. Unaruhusiwa. Soma."

"Eish, Mama, refu hivi! Sema kwanza, nikufuate."

"Ningeweza kusema ningekuita?"

Sonia akasoma. Mama akatikisa kichwa. Akarudia. Kichwa tena. Mara ya tano likatoka zima, "Sindayihebura," na Capitoline akajifunika uso kwa kitenge cha mteja na kulia. Nami nililia, hasira zangu zote zikaisha.

Sasa jina liko chini ya picha, pamoja na sauti ya Sonia. Capitoline mwenyewe hajalitamka hata leo. Anabonyeza tu, anasikiliza, anabonyeza tena, na gauni langu bado halina mkono mmoja.